Kuandika maelezo ya kazi ya atakayekalia kiti chako

Umeshatoa notisi, na mkuu wako anakwambia, "Hebu tuandikie maelezo ya kazi ili tumtafute wa kuchukua nafasi yako." Nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi na najua kinachofuata: mtu anakaa nusu saa, anarudi na kurasa mbili. Ukizisoma unamwona yeye, shahada yake, uzoefu wake, programu anazozijua. Kazi yenyewe huioni.

Mhasibu mmoja aliyekuwa anaondoka aliniletea karatasi ya namna hiyo. Mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka 9, aliandika. Nikamuuliza yeye aliingia na mingapi. Miwili. Na kazi aliimudu tangu mwaka wa kwanza. Hiyo 7 mingine aliipatia palepale kwenye kiti, na kwa sharti lile ofisi ingemtafuta mtu wa mshahara mkubwa bila sababu, au ingemkosa kabisa. Siku hizi kila anayeniletea rasimu namuuliza: siku unaanza, ungepita kwa karatasi hii?

Usiandike kwa kukumbuka. Kumbukumbu hupenda vikao na ripoti, na husahau simu za kila saa za kuulizia faili liko wapi. Weka daftari mezani kwa wiki 2, andika kila unachokifanya na muda kinaochukua. Halafu pitia kalenda na barua pepe za mwaka mzima, maana bajeti na ukaguzi wa hesabu huenda visiangukie ndani ya wiki hizo.

Orodha ikishakamilika utashangaa. Zimo kazi za cheo chako, zimo ulizobebeshwa kwa kuwa unaziweza, na zimo ulizozianzisha mwenyewe kwa kupenda. Yule mhasibu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni programu ya mishahara, akihangaika na printa ikigoma, akiandika mihtasari ya vikao. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye mkataba wake. Ukizisomba zote kwenye maelezo mapya, unamtafuta mtu ambaye hajazaliwa. Ukizinyamazia, zitalala wiki ya kwanza tu na lawama zitamwangukia mgeni wa watu. Ziandike kwenye karatasi ya pembeni, kisha kaa na mkuu wako aamue ipi ibaki, ipi apewe mwingine, ipi ifutwe. Mshauri, lakini uamuzi ni wake, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na huyo mtu.

Sasa maneno yenyewe. Mhasibu alikuwa ameandika "Kushughulikia malipo ya wazabuni." Kitenzi hicho, kushughulikia, kinaficha kazi yote. Tulikaa naye tukaandika hivi: "Kulinganisha ankara za wazabuni na hati za kupokelea mali, kuandaa malipo, na kuyafikisha kwa meneja wa fedha ayaidhinishe kabla ya tarehe 25 ya kila mwezi." Mwombaji akisoma hapo anajua atashika nini, ataishia wapi, na mwenye kauli ya mwisho ni nani. Majukumu 8 au 10 ya namna hiyo yanatosha. Ule mstari wa "na kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake" uache uwepo, ila kazi inayokula siku nzima kila wiki usiifiche humo.

Kwenye sifa, ya lazima ni ile ambayo mtu asipokuwa nayo hawezi kuanza. Kinachofundishika ndani ya kipindi cha majaribio kisimfungie mtu mlango. Mahali faili zilipo, mteja anayetaka kupigiwa asubuhi, hayo ni ya hati ya makabidhiano.

Na ugumu wa kazi useme. Mhasibu wangu alisita sana hapo, akihofia watu watakimbia, lakini mwishowe tuliandika kwamba siku 3 za kufunga hesabu za mwezi kazi huendelea hadi usiku. Kwenye usaili, mama mmoja aliiweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari huo, akauliza, "Hapa hasa mnatoka saa ngapi?" Tukamjibu saa tatu. Akatoa kalamu, akaandika pembeni, akasema atajipanga na nyumbani.