Fomula tano, tofauti mbili: dhana potofu kuhusu majira ya nukta

Mwanafunzi wa kidato cha nne akikaa kujisomea jiometri ya majira ya nukta, yaani namba mbili, x na y, zinazoonyesha nukta iko wapi, aghalabu huanza kwa kuorodhesha fomula nyuma ya daftari: ya mteremko, ya nukta ya katikati, ya umbali, ya mistari sambamba, ya mistari inayokatana kwa pembe mraba. Fomula tano, kila moja na herufi zake. Usiku wa kuamkia mtihani anazipitia kama anavyopitia tarehe za historia. Dhana kwamba mada hii ni ya kukariri ndiyo mama wa dhana nyingine nyingi zinazofuata hapa.

Ukweli ni kwamba karibu kila swali la mada hii linajibiwa na namba mbili tu: tofauti ya x na tofauti ya y kati ya nukta mbili. Chukua A(−2, 7) na B(4, −5). Ukitoka A kwenda B unasogea hatua 6 kulia na hatua 12 chini. Tofauti zako ni 6 na −12. Unataka mteremko? Gawa ya y kwa ya x: −12 ÷ 6 = −2. Unataka nukta ya katikati? Nenda nusu tu: kutoka A sogea 3 kulia na 6 chini, unafika (1, 1). Unataka umbali? Hatua 6 na hatua 12 ni pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na Pythagoras anamalizia: kipeuo cha pili cha 36 + 144, yaani √180. Kutoka (1, 1) rudi hatua 1 kushoto na 2 juu, unafika (0, 3), kwa hiyo mlinganyo wa mstari nao ni y = −2x + 3, na ukitaka kujihakiki weka ile nukta ya katikati: −2 × 1 + 3 = 1. Imekaa.

Mwanafunzi anayeona hivyo hata fomula ikimtoroka ataijenga upya pale pale.

“Mchoro ni wa swali linalosema chora”

Nani alisema? Kosa linalokula alama nyingi kwenye mada hii ni la ishara. Kutoka −2 hadi 4, mtu anaandika 4 − 2 = 2, kwa sababu fomula ina alama ya kutoa na namba yenyewe ina alama ya kutoa, na moja imemezwa. Mchoro wa mkono, bila rula wala skeli, unamwonyesha kwamba kati ya −2 na 4 kuna vyumba sita. Kama A iko juu kushoto na B iko chini kulia, mstari unashuka, kwa hiyo mteremko lazima uwe hasi. Ukipata chanya, rudi nyuma kabla hujaendelea. Mchoro huo unachukua nusu dakika, na msimamizi hakukatazi kuuchora pembeni.

Wapo pia wanaoamini kwamba lazima uanze na nukta iliyotajwa kwanza. Si lazima. Anzia popote, ila ukianzia B kwenye y, anzia B kwenye x pia. Ukichanganya, ishara ya mteremko inageuka.

“√(36 + 144) ni 6 + 12”

Hii inarudi kila mwaka, na inatoka kwa watoto wenye akili zao timamu. Kipeuo cha 36 ni 6, cha 144 ni 12, basi jumla 18. Lakini 18 ni umbali wa bodaboda inayofuata barabara: sita mashariki, kona, kumi na mbili kusini. Anayekata moja kwa moja uwanjani hawezi kutembea umbali ule ule. √180 ni 6√5, ambayo ni zaidi kidogo ya 13.4. Weka kichwani kipimo hiki: nukta zikitofautiana kwa x na kwa y pia, umbali wa moja kwa moja lazima uzidi tofauti iliyo kubwa na upungue kuliko jumla ya zote mbili. Hapa uwe kati ya 12 na 18. Jibu lililo nje ya hapo ni bovu, hata kama hatua zinaonekana safi.

Usijitese kutafuta desimali kama hukuombwa; 6√5 ni jibu kamili. Umbali hasi haupo kabisa, kwa sababu tofauti zimeshapandishwa kwenye kipeo cha pili kabla hazijajumlishwa.

“Mhimili wa x ni x = 0”

Inaonekana ina mantiki: mhimili wa x, basi mlinganyo wake una x. Andika nukta chache zilizo juu ya mhimili huo: (1, 0), (5, 0), (−3, 0). Kipi hakibadiliki? Ni y. Kwa hiyo mhimili wa x ni y = 0, na mstari x = 4 unasimama wima ingawa mhimili wa x umelala. Ukiulizwa 3x + 4y = 12 unakata mhimili wa x wapi, unaweka sifuri kwenye y, si kwenye x: 3x = 12, nukta ni (4, 0). Mhimili wa y unakatwa kwenye (0, 3).

Mlinganyo huo huo una mtego mwingine. Wengi hutazama 3 iliyokaa mbele ya x wakasema ndiyo mteremko. Namba ya mbele ya x inakuwa mteremko pale tu y imebaki peke yake upande wa pili. Hapa y = −¾x + 3, kwa hiyo mteremko ni −¾. Hata bila kupanga upya unaweza kujua: kutoka (4, 0) hadi (0, 3) tofauti ni −4 na 3. Tofauti mbili, tena.

“Mstari wima una mteremko wa sifuri”

Sifuri ni namba kama nyingine. Mstari uliolala una tofauti ya y ya 0, na 0 ukiigawa kwa 5 unapata 0 bila ubishi. Mstari wima una tofauti ya x ya 0, na kugawa kwa sifuri hakuna jibu. Wa kwanza una mteremko wa sifuri. Wa pili hauna mteremko. Ndiyo maana wima hauwezi kuandikwa kwa umbo la y = mx + c (m ni mteremko, c ni pale mstari unapokata mhimili wa y), unaandikwa x = 4 basi.

“Kutangulia x au y ni mamoja, mradi nukta ionekane”

Nukta (3, 5) na (5, 3) ni mahali pawili tofauti. Hilo wengi wanalijua. Kinachovuruga ni kwamba masomo yenyewe hayakubaliani. Kwenye Jiografia, ukisoma gridi ya ramani ya topografia, unaanza na namba za kuelekea mashariki halafu za kaskazini, sawa na x kisha y. Lakini ukigusa Dar es Salaam kwenye ramani ya simu inakuletea takriban −6.8, 39.3: latitudo kwanza, inayopima kaskazini na kusini, kisha longitudo. Yaani y imetangulia. Mwanafunzi akiisoma jozi hiyo kihisabati, hatua 6.8 magharibi na 39.3 kaskazini, atatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Mpangilio ni makubaliano, haukushuka na mvua. Kwenye majira ya nukta tumekubaliana x inatangulia. Kwenye latitudo na longitudo, unazosoma katika mada ya dunia kama tufe, mabaharia na wachora ramani walishazoea yao. Mwalimu akisema hivyo wazi, naona nusu ya mkanganyiko inaisha.

Na tukiwa kwenye makubaliano: hadithi kwamba mwanahisabati Mfaransa René Descartes aligundua mambo haya akiwa kitandani, akimtazama nzi darini, haina ushahidi wa wakati wake. Alichapisha jiometri yake mwaka 1637, na ndani yake hakuna mihimili miwili iliyokatana kwa pembe mraba na namba hasi pande zote kama ubaoni kwetu. Umbo hilo lilikomazwa na waliokuja baadaye. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alikuwa amefikia wazo hilo hilo kwa njia yake miaka ile ile, ila kazi yake ilichapishwa mwaka 1679, yeye akiwa ameshafariki. Kwa hiyo kama namba hasi zinakusumbua kwenye grafu, jua kwamba hata wenyewe ziliwachukua muda.

“Mstari mkali machoni una mteremko mkubwa”

Jicho linaona karatasi, halioni skeli. Chora y = x ukitumia sentimita 2 kwa kila kizio cha x na sentimita 1 kwa kila kizio cha y. Mteremko ni 1, lakini mstari utainuka kwa nyuzi kama 27 badala ya 45. Ongeza y = −x kwenye karatasi hiyo hiyo. Kihesabu mistari hiyo inakatana kwa pembe mraba. Kwenye karatasi pembe zitaonekana kama nyuzi 53 na 127. Hakuna kilichoharibika. Ila atakayechukua kipimapembe na kuweka juu ya mchoro wenye skeli mbili tofauti atatoka na jibu la ajabu, na atailaumu fomula.

Kwa mazoezi ya kawaida tumia skeli moja pande zote mbili. Skeli tofauti ziache pale swali linapolazimisha, kama grafu ya muda na mwendo.

“Ili ukate kwa pembe mraba, geuza ishara”

Au geuza sehemu kichwa chini. Kila mtu anakumbuka nusu yake. Mteremko wa ⅔ unapewa mwenzi wa −⅔, mara 3/2, na mwanafunzi hana namna ya kujua kipi ni sahihi kwa sababu alipewa kanuni tupu: miteremko ikizidishwa ipatikane −1.

Chukua karatasi ya grafu. Weka kalamu kwenye nukta yoyote, sogea 3 kulia na 2 juu, chora mstari. Sasa zungusha karatasi robo mzunguko kuelekea kushoto. Kile kilichokuwa “3 kulia” sasa kinaelekea juu, na kilichokuwa “2 juu” sasa kinaelekea kushoto. Hatua mpya ni 2 kushoto na 3 juu, yaani −2 na 3. Mteremko ni −3/2. Namba zimebadilishana nafasi, na moja imegeuka ishara, yote kwa mzunguko mmoja. Ukizidisha ⅔ kwa −3/2 unapata −1. Ukifanya hivyo mara moja kwa mikono yako, hutachanganya tena.

Kanuni hiyo ina mpaka: mstari wa mlalo na wa wima vinakatana kwa pembe mraba, lakini huwezi kuzidisha miteremko yao kwa sababu mmoja hauna.

“Maswali ishirini ya umbali yanatosha”

Ishirini ya aina moja yanafundisha mkono, hayafundishi kichwa. Mtihani haukuambii ni fomula ipi. Fanya machache, lakini yageuze: badala ya kutafuta nukta ya katikati, jipe nukta ya katikati (1, 1) na ncha moja (−2, 7), utafute ncha ya pili. Kutoka ncha hadi katikati ni 3 na −6. Rudia hatua hiyo hiyo, umefika (4, −5).

Au anza na nukta tatu tu: P(1, 2), Q(5, 4), R(3, 8). Kutoka P hadi Q ni 4 na 2. Kutoka Q hadi R ni −2 na 4, namba zile zile zimebadilishana na moja imegeuka, kwa hiyo kuna pembe mraba pale Q, na pande zote mbili ni √20. Inakosekana nukta ya nne ili iwe mraba. Toka P kwa hatua ya −2 na 4: S(−1, 6). Hakiki kwa kutafuta katikati ya P na R, kisha katikati ya Q na S. Zote zinaangukia (2, 5).