Mbunge wa viti maalum ni wa nani?

Huku Mtwara kila uchaguzi ukipita utaisikia kauli hii: "Yule ni mbunge wa akina mama, akina mama wa mkoa ndio waliomchagua." Juzi nimeisikia tena kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, na mzee aliyeisema akaongeza kwamba wakulima wa korosho nao wapewe viti maalum vyao, kama akina mama walivyopewa. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Viti maalum ni nafasi za wabunge wanawake zilizowekwa na Katiba, zisizopungua asilimia 30 ya wabunge wote. Hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata nchi nzima katika uchaguzi wa wabunge, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati hata kimoja.

Kwa hiyo vinagawiwa vyama, havigawiwi wanawake. Hapo ndipo watu wanapopotea. Kituoni unapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya diwani. Ya nne haipo. Hakuna mama wa Nanyamba wala wa Nachingwea aliyewahi kukabidhiwa karatasi ya kumchagua mbunge wa viti maalum kwa kuwa yeye ni mwanamke. Kinachohesabiwa ni ile ile kura ya mbunge wa jimbo, iwe ya mwanamke au ya mwanamume, mgombea wako awe ameshinda au ameangushwa. Kura zikishajumlishwa, chama ndicho kinachopendekeza majina kwa Tume ya Uchaguzi. Ni kweli kwamba ndani ya CCM wajumbe wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, mkoani hupiga kura, na nadhani kauli ile imezaliwa hapo. Lakini wale ni wajumbe wa jumuiya ya chama kimoja. Mama asiye na kadi ya chama hicho hana neno pale.

Tazama matokeo ya 2020. CHADEMA ilishinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini kwa hesabu ya kura za nchi nzima ikatengewa viti maalum 19. CCM ikapata 94. Mwaka huo huo hapa kwetu, Mtwara Vijijini ilimchagua mwanamke, Shamsia Mtamba wa CUF, akapita jimboni kwa kura za wake kwa waume. Chama chake hakikufikisha asilimia 5, kwa hiyo hakikuambulia kiti maalum hata kimoja. Anayeamini viti hivi vinafuata wanawake walipo atashindwa kuyaeleza matokeo hayo.

Kosa hili lina ndugu yake. Mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany wa CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo Tanzania. Wengi wakamwita mbunge wa maalbino. Ni kweli aliwasemea wenzake, na ilikuwa haki yake kabisa, maana miaka ile walikuwa wakiuawa. Lakini waliomtuma Dodoma ni wapiga kura wa Lindi Mjini, wavuvi na wachuuzi, na wao ndio waliokuwa na uwezo wa kumbakiza au kumwondoa. Kutoka katika kundi ni jambo moja, kutumwa na kundi ni jambo jingine.

Sasa wakulima. Wazo la mzee si geni: enzi za chama kimoja jumuiya za wananchi, ushirika ukiwamo, zilikuwa na viti 15 bungeni. Jumuiya zenyewe zilikuwa chini ya Chama, na mfumo wa vyama vingi ulipoingia viti hivyo vikaondoka. Wapo pia wanaosema tuanzishe chama cha watu wa Kusini. Katiba, Ibara ya 20, inakataza kusajili chama kinachokuza maslahi ya pahali watu watokeapo, kabila, dini au jinsia. Kinachobaki ni majimbo. Mwaka 2018, fedha za ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje zilipopelekwa zote Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa Kusini, wa CCM na wa CUF, walisimama upande mmoja kupinga. Hawakushinda. Lakini siku zile mkulima alisemewa, na waliomsemea hawakuhitaji kiti chenye jina lake.

Basi mzee wangu, yule mama mwite mbunge wa viti maalum wa chama chake, anayetoka Mtwara. Shida yako mpelekee, ni mbunge kamili na atakusikiliza. Ila salfa, dawa ya mikorosho, ikichelewa, au malipo ya mnada yakikwama, anza na mbunge wa jimbo lako, kwa sababu huyo jina lake lilikuwa kwenye karatasi uliyoishika wewe mwenyewe.