Ganzi ya Miguu si "Damu Kutotembea"

Neno "mshipa" limetuponza. Panapopita damu ni mshipa, panapopita fahamu ni mshipa, hata kano ni mshipa. Basi mwenye kisukari akianza kufa ganzi vidoleni, jamaa wanaamua kwamba mishipa imeziba: achuliwe, aloweke miguu kwenye maji ya moto damu itembee. Matokeo yake ni malengelenge ambayo mwenyewe hayahisi.

Kilichoharibika hapo ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, nyuzi ndefu zaidi ndizo hutangulia kufa, ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu yote miwili na kupanda kama soksi. Ikikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza. Mshipa wa damu ulioziba una dalili zake: kigimbi hubana ukitembea na kuachia ukisimama, mguu huwa baridi, na pigo la damu kwenye mgongo wa wayo halishikiki. Mwenye kisukari anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo apimwe, asibahatishwe. Vifaa ni rahisi: uzi wa nailoni unaogusishwa nyayoni kwa nguvu ya gramu 10, na uma wa chuma unaotetemeka mara 128 kwa sekunde (hezi 128) kwenye kidole gumba cha mguu. Nyumbani, acha kuloweka kabisa. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni weka kioo sakafuni utazame nyayo.

Wengine husema: "Sindano za vitamini B huponya ganzi yoyote." Humfaa aliyepungukiwa: aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi akakosa B12, au anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu bila B6. Kwa wengine ni hela kutupwa. Tena B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi yenyewe, na vidonge vingi vya mchanganyiko vina miligramu 100 au 200, ilhali mahitaji ya siku hayafiki 2.

Husemwa pia: "Mkono kufa ganzi usiku ni dalili ya kiharusi." Kiharusi gani hicho kinachorudi kila usiku na kuondoka ukikung'uta mkono? Ikiwa ni gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete, neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Vaa banzi usiku, kifundo kikiwa kimenyooka. Ikiwa ni kidole cha mwisho, chunguza kiwiko, kisha chunguza ngozi. Ukiona baka lisilohisi mguso, fikiria ukoma kwanza. Dawa zake hutolewa bure.