Mnyororo wa mlangoni

Juzi tena. Nimeketi karakanani hapa Lamu nachimba ua la bao la juu la mlango, mgeni kutoka bara akasimama na simu yake mkononi: “Fundi, huu mnyororo uliochongwa mlangoni si ndio alama ya nyumba ya muuza watumwa?” Ameambiwa na aliyemtembeza. Nimechoka kuisikia.

Watumwa waliuzwa pwani hii, na tusilifiche hilo. Lakini mlango si hati. Mnyororo ni pambo la ukingo, hujaza ule utepe mwembamba wa miimo, miti ya pembeni mwa mlango, ambapo ua halienei. Mimi mwenyewe nimeichonga minyororo kwenye milango ya walimu na wavuvi. Wengine husema samaki aliyechongwa ni alama ya uzazi, na kila jani lina maana yake. Huenda. Aliyenifundisha kazi alinipa patasi na vipimo, maana hakunipa, kwa hiyo siwezi kumwapia mtu.

Ukitaka kuujua mlango wa Lamu, anza na milango ile inayotazama bahari, saa moja asubuhi, jua likija kutoka upande wa kisiwa cha Manda. Tazama mfaa, ule mti wa katikati uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja ukafunika ufa. Sogea. Maua mawili yanayofuatana hayalingani: moja limebanana, la pili limetanuka kidogo kwa kuwa fundi alikutana na kifundo cha mti wa mbambakofi akakikwepa. Ndani ya bonde la jani utaona alama za patasi, ngazi ndogondogo. Mashine haiziachi. Na kabla ya kugusa, piga hodi. Lile daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ni mahali pa watu kuketi na kuamkiana.

Ngome ilimalizika 1821, utaiona tu, iko katikati ya mji. Makumbusho usiikose, kwa ajili ya siwa ya Pate, baragumu la kifalme la pembe ya ndovu. Kisha ingia Nyumba ya Waswahili, nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho, utazame vidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani, halafu inua macho: chumba ni kirefu na chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Siku ya pili nenda kijiji cha Matondoni kwa mafundi wa majahazi.

Ukirudi, pitia kwangu. Nitakupa patasi na kipande cha ubao, uchimbe pete tatu za mnyororo kwa mkono wako.