Mwaka Mpya, Imani na Upendo: Dhana Potofu Zinazosikika katika Makanisa ya Malindi

Mkesha wa tarehe 31 Desemba ukishapita, Mkristo wa Malindi huingia Januari na maazimio ambayo karibu yote yameelemea upande mmoja: kumaliza kusoma Biblia nzima, kutokosa maombi ya alfajiri, kufunga, kutoa zaka bila kuchelewa. Hayo ni mema. Lakini upendo hauandikiwi azimio, kana kwamba imani ikishakua upendo utakuja wenyewe. Mtume Paulo hakuvitenga vitu hivyo viwili. Alipomshukuru Mungu kwa ajili ya Wathesalonike, mwanzoni mwa waraka wake wa pili kwao, alitaja pamoja kwamba imani yao inazidi na kwamba upendo wa kila mmoja kwa mwenzake umekuwa mwingi. Dhana ninazozieleza hapa zimezaliwa na utengano huo.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni kwamba tarehe yenyewe ina nguvu, hata aliyekuwa kanisani saa sita usiku avuke na baraka ambazo mama aliyebaki nyumbani na mtoto mgonjwa atazikosa. Historia ya Kanisa haiungi mkono jambo hilo. Kwa Wakatoliki na Waanglikana mwaka wa liturujia huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki kadhaa kabla ya Januari. Ibada ya agano, ambayo Wamethodisti wengi huifanya mwaka unapoanza, iliongozwa na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, jijini London kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti, mwaka 1755. Januari mosi hutusaidia kukumbuka, na haina zaidi ya hapo.

Dhana ya pili ni nzito, na kwetu Malindi haiwezi kuzungumzwa kwa wepesi: kwamba kadiri mtu anavyofunga siku nyingi na kwa ukali zaidi, ndivyo imani yake inavyokuwa kubwa. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola ulio bara ya mji huu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, na watoto wakiwamo, baada ya kufundishwa kwamba kuacha kula hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Wapo wanaosema kwamba hao walikuwa na imani kubwa mno. Sikubaliani nao. Kilichokosekana ni upendo, kwa maana mafundisho yanayomnyima mtoto chakula yameshaikana Injili, hata yakiwa na aya ngapi za Biblia.

Mfungo wa Kikristo umewekewa mipaka tangu zamani. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka waamini kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Inamruhusu mtu mlo mmoja kamili hata siku hizo. Na haiwalazimishi walio chini ya umri wa miaka 18 wala waliotimiza miaka 59. Majirani zetu Waislamu nao hawamlazimishi mgonjwa wala msafiri kufunga Ramadhani. Katika Mathayo sura ya 6, Yesu alimtaka anayefunga apake mafuta kichwani na anawe uso ili watu wasimtambue, agizo linalowahusu moja kwa moja wanaotangaza kila jioni wamefikia siku ya ngapi ya mfungo. Isaya sura ya 58 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inasema saumu anayoichagua Bwana ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Kwa hiyo anayefunga Januari, mwezi wa karo na sare za shule, huku mtoto wa jirani akirudishwa nyumbani kwa kukosa daftari, anao mfungo uliokamilika nusu.

Wengine huamini kwamba imani inayokua hujulikana kwa matokeo ya haraka: biashara kufunguka, kanisa kujaa, sadaka ya mbegu kurudi maradufu kabla ya Pasaka. (Ni ajabu kidogo kuhubiri upandaji wa Januari kwa wakulima wa Jilore na Kakuyuni, wanaojua kwamba kaskazi si msimu wa kutia mahindi ardhini na kwamba masika hayaharakishwi.) Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 4, alisema mbegu hutoa kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu, na mpanzi hajui imekuaje. Historia ya pwani yetu inathibitisha. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga miezi michache baadaye. Mwaka 1846 akaanzisha kituo cha misheni cha Rabai pamoja na mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann. Na alipoondoka mwaka 1853, waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza wao, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kwa kipimo cha leo, Krapf angehesabiwa kuwa mtumishi asiye na upako.

Kuhusu upendo wenyewe, dhana iliyoenea ni kwamba unawahusu washirika wenzetu tu. Wagalatia 6:10 huwataja jamaa ya waaminio, ni kweli, lakini huanza kwa kusema tuwatendee mema watu wote. Kanisa Katoliki, tangu 1968, limeifanya Januari mosi kuwa siku ya kuombea amani duniani. Katika mji ambao msikiti na kanisa huitazama barabara moja, hilo si jambo la mbali.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni ile ya unabii wa mwaka, hasa unaomwambia mtu kwamba mwaka uliopita hakufanikiwa kwa sababu yupo adui katika ukoo. Kaunti ya Kilifi imeshapoteza wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pamekuwa na ugomvi wa shamba. Neno linalomfanya kijana amtazame bibi yake kwa hofu haliwezi kuitwa ukuaji wa imani, kwa kuwa 1 Yohana 4:20 inamwita mwongo anayedai kumpenda Mungu huku akimchukia ndugu yake.

Mitume walipomwomba Bwana, katika Luka sura ya 17, awaongezee imani, hawakuwa wametoka kwenye mkutano wa miujiza. Walikuwa wameambiwa muda huohuo kwamba ndugu akikosa mara saba kwa siku, na mara saba arudi akisema ametubu, wamsamehe. Hilo ndilo lililowashinda wakaomba nyongeza. Tena agizo hilo halimtaki mtu anyamazie uovu, kwa kuwa linaanza kwa kusema aliyekosa aonywe. Anayemdhulumu mjane shamba lake anapaswa kuambiwa waziwazi, mbele ya wazee ikibidi, na akitubu, arudishe alichochukua na apokewe.