Harufu ya Rotorua siyo dawa

Juzi binamu yangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anakwenda New Zealand kikazi, kabakiwa na siku moja ya kupumzika, na ameamua kwenda Rotorua, mji wa chemchemi za moto: asubuhi kuoga maji ya moto, jioni "kuwaona Wamaori", wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mwishoni akasema, "Kaka, nimeambiwa nitafute dimbwi linalonuka kuliko yote. Kadiri linavyonuka ndivyo salfa yake inavyotibu."

Mimi kazi yangu ni kupima maji na gesi za visima vya mvuke wa ardhini huku Olkaria, Kenya, na maneno hayo nimeshayasikia kwa madereva, wahasibu, daktari mmoja na mama yangu mzazi. Leo nimechoka.

Salfa hainuki. Nenda kwa muuza dawa za kienyeji yeyote pwani, nunua kiberiti upele, ule unga wa manjano, uunuse. Utapiga chafya, basi. Kinachonuka mayai viza ni gesi, haidrojeni salfaidi. Nahisi kosa lilianzia hapo: unga hutibu ngozi, mji unanuka, watu wakavifunga pamoja kama kuni.

Na pua yenyewe ni kipimo kibovu. Ukikaa Rotorua saa chache huisikii tena harufu, ukadhani imeondoka. Pua ndiyo iliyozoea. Gesi ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, inaizima pua kabisa. Harufu kupotea ghafla siyo habari njema. Watu wamewahi kufia vyumbani katika mji huo kwa sababu gesi ilipenya chini ya sakafu ikajikusanya. Kwa hiyo dirisha la hoteli liache wazi, hata kama linaingiza hiyo harufu unayoitafuta.

Sasa tuje kwenye dimbwi linalonuka zaidi. Kando ya ziwa pale Rotorua kuna chemchemi mbili maarufu kwa waogaji. Moja inaitwa Priest, kwa sababu padri mmoja Mkatoliki aliyeoga humo mwaka 1878 alisema imemponya baridi yabisi. Maji yake yana asidi kidogo. Ya pili, Rachel, ni ya alkali, na ukitoka humo ngozi inateleza kama umepakwa ute wa bamia. Ziko jirani, lakini tabia ni mbali kabisa. Maji yaliyopanda moja kwa moja kutoka kina kirefu hubeba madini kama kloridi na silika, nayo hayana harufu yoyote. Penye asidi, mara nyingi ni gesi iliyotangulia kupanda peke yake, ikakuta maji ya juujuu na hewa, ikageuka asidi ya salfa. Yaani dimbwi linalonuka sana huenda ni maji ya kawaida yaliyochemshwa na gesi, na lile lisilonuka ndilo lenye madini ya chini. Nasema "huenda" makusudi. Kwenye ripoti zetu tunachora mishale ya maji chini ya ardhi kwa ujasiri tusioustahili; chini huko ni nyufa tupu, na kila ufa una mambo yake.

Kutibu je? Mgongo wangu hutulia siku mbili nikioga maji ya moto. Hutulia vilevile nikijimwagia ndoo ya maji ya jiko la mkaa. Fanya hesabu mwenyewe. Ila usizamishe kichwa: maji ya moto ya asili yanaweza kuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeingia kwa pua hadi kwenye ubongo, na mabango ya kukataza hayakuwekwa kwa urembo.

Kingine kinachoniudhi ni hii ratiba ya asubuhi maji, jioni utamaduni, kana kwamba ni maduka mawili. Maji yale mengi ni mvua iliyozama, ikapashwa moto, ikarudi juu. Hayajai kwa kuombwa. Wakazi wa Rotorua walichimba visima vya kupashia nyumba na mabwawa yao hadi gaiza, zile chemchemi zinazorusha maji moto hewani, zikaanza kufa. Gaiza ya Papakura, katika eneo la Whakarewarewa mjini humo, ilinyamaza mwaka 1979. Mwaka 1986 serikali ikaagiza visima vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka gaiza ya Pōhutu vifungwe. Presha ikapanda polepole. Papakura ikaruka tena mwaka 2015, miaka 36 baadaye.

Na Whakarewarewa siyo jukwaa, ni kijiji. Wamaori wa ukoo wa Tūhourangi Ngāti Wāhiao wanaishi katikati ya mvuke. Nilipokuwa nikisoma Auckland tulipelekwa pale na vyombo vyetu vya kupimia. Mama mmoja akatumbukiza mfuko wa mahindi ndani ya dimbwi la Parekohuru, akaendelea na mazungumzo, akauopoa, akatugawia. Maji ya dimbwi hilohilo hupitishwa kwenye mifereji yapoe, kisha watu huoga nayo jioni. Jiko na bafu, chanzo kimoja. Sisi tulikuwa tumeandika joto lake kwenye daftari tukadhani tumelielewa.

Kuhusu jioni nitakuwa mfupi. Haka, ile ngoma ya Wamaori, siyo ya vita tu. Huchezwa msibani, harusini, na kwa kumpokea mgeni. Hāngī, chakula chao cha jadi, kile halisi hupikwa shimoni kwa mawe yaliyochomwa, siyo kwa mvuke wa ardhini, ingawa chakula cha mvuke nacho ni kitamu. Na kwenye pōwhiri, sherehe yao ya kumkaribisha mgeni, usijiingilie. Kwetu mgeni ndiye anayepiga hodi. Kule unasimama nje, kimya, mpaka mwanamke mmoja wa upande wa wenyeji apaze sauti kukuita. Ikifika hongi, mnagusana pua na kuvuta pumzi moja. Usicheke.

Pete yako ya fedha iache hotelini, binamu. Yangu iligeuka nyeusi kabla sijamaliza kujifuta, na sonara wa Mombasa aliishika kwa ncha za vidole akaniuliza nimeitoa kwenye choo gani.