Kushusha pikapu si kupunguza shokapu

Nimelisikia tena juzi gerejini Mwanga, hapa Kigoma. Kijana kaleta Hilux yake, anamwambia fundi: "Kaka, nipunguzie shokapu za nyuma, gari ilale." Fundi akaitikia. Nikanyamaza siku ile, ila neno limenikaa.

Kushusha pikapu nyuma ni kusogeza ekseli (mhimili wa magurudumu ya nyuma) na chesisi (fremu ya chuma inayobeba bodi) zikaribiane, ili bodi ikae chini. Maana yenyewe ni hiyo tu. Linalonisumbua ni hilo la shokapu, kwa sababu shokapu haibebi gari.

Shokapu tumeitohoa kutoka Kiingereza, "shock absorber", yaani kifaa cha kumeza mtikisiko. Nadhani ile "apu" ya mwisho ndiyo inayowapoteza wengi: wanaisikia kama "juu", wanaona ndiyo inayoinua gari. Ndani yake kuna mafuta na pistoni. Mafuta yanapenya kwenye vitundu vidogo kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayoituliza gari baada ya shimo. Fungua shokapu zote mbili za nyuma, pikapu haitalala. Itadundadunda tu njia nzima mpaka Kasulu.

Mzigo unabebwa na springi. Kwa hizi tungeweza kutumia neno tulilonalo siku nyingi, kamani, ambalo wengi wanalijua kwenye saa. Asili yake ni Kiajemi, "kaman", maana yake upinde. Chungulia chini ya Hilux uone neno hilo linavyozifaa springi zake: vyuma bapa vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimepinda kama upinde, ncha zake zimeshikwa na chesisi na ekseli imefungwa katikati. Mapipa ya mawese yakipakiwa, upinde unanyooka na bodi inashuka. Hapo gari limelemewa, halijashushwa, ukipakua linarudi.

Kwenye pikapu nyingi za namna hii ekseli iko chini ya kamani. Wanaoshusha hasa huihamishia juu ya kamani, na bodi inashuka kwa unene wa ekseli pamoja na unene wa kamani zenyewe. Mshuko huo ni mkubwa kiasi kwamba mara nyingi chesisi hukatwa mwanya na kuimarishwa upya, ekseli isiigonge. Wengine hupunguza vyuma vya kamani. Bodi inashuka kidogo, lakini uwezo wa kubeba unapungua nao, na kwa gari linalopakia dagaa Kibirizi hiyo ni hasara. Kuna pia kile kipande cha chuma kinachowekwa kati ya kamani na ekseli, ambacho watu hukiita cha kushushia bila kuuliza kinakaa wapi. Ekseli ikiwa juu ya kamani, kinashusha. Ikiwa chini, kama kwenye Hilux hizi, kinainua.

Shokapu inaingia mwishoni. Ekseli ikishasogea juu, shokapu ya zamani inakuwa ndefu mno, inabanwa mpaka mwisho wake, kwa hiyo fundi anaweka fupi. Mtu anayepita anaona shokapu fupi na gari limelala, anaunganisha mambo. Ile fupi imefuata tu kimo kipya.

Kinachosahaulika ni breki. Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti, ili ijue gari limebeba kiasi gani. Ekseli ikikaribia chesisi, vali inadhani kuna mzigo na inazidisha nguvu ya breki nyuma. Gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga na mkia ukahama. Kijiti hicho lazima kirekebishwe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukirudi gerejini mwambie fundi hivi: "Nihamishie ekseli juu ya kamani, ukague chesisi na vali ya breki, halafu unitafutie shokapu za kimo hicho."